Lighthouse, axe, WAVE au mtu: nani akuthibitishie kwamba tovuti inakidhi WCAG?

Mkataba una mstari mmoja: tovuti ikidhi WCAG 2.2, ngazi ya AA. Siku ya makabidhiano mjenzi anafungua Chrome, anaendesha Lighthouse, duara la kijani linaonyesha 100, anapiga picha ya skrini na kuibandika kwenye ripoti. Mteja anasaini. Hakuna aliyedanganya hapo, ila pia hakuna aliyethibitisha kwamba ule mstari wa mkataba umetimizwa.

WCAG ni kiwango cha W3C, shirika linalotunga viwango vya wavuti, kinachoeleza tovuti iweje ili mtu asiyeona, asiyesikia, mwenye uoni hafifu au asiyeweza kushika kipanya aitumie kama wengine. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 1999. La 2.0 lilikuja 2008 na mwaka 2012 likawa pia kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 40500. La 2.1 ni la 2018, na 2.2 lilitangazwa Oktoba 2023 likiwa na vigezo 86 katika ngazi tatu: A, AA na AAA. Anayeahidi AA anabeba vya A na vya AA kwa pamoja, na jumla yake ni 55. Huku kwetu nako jambo hili limeshabisha hodi. Kenya ina kiwango cha KS 2952 cha mwaka 2022 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA, kilichojengwa juu ya EN 301 549 ya Ulaya, ambayo kwa upande wa tovuti imechukua WCAG 2.1 ngazi ya AA. Na ukiwa Dar au Mombasa unamjengea mteja duka la mtandaoni la kuuzia watu wa Umoja wa Ulaya, sheria yao ya ufikivu inatumika tangu 28 Juni 2025.

Swali basi ni la vitendo. Una saa chache, labda una bajeti kidogo, na unatakiwa kusema kwa uaminifu kama kazi inakidhi au haikidhi. Utumie nini?

Wanaoshindanishwa

Lighthouse ni ya Google na tayari imo ndani ya Chrome. Unafungua zana za wasanidi programu, unachagua kichupo chake, unabofya, na baada ya sekunde kadhaa unapata alama kati ya 0 na 100. Wasichokijua wengi ni kwamba upimaji wake wa ufikivu unafanywa na injini ya watu wengine: chini ya boneti mna axe-core, tena si kanuni zake zote, bali sehemu tu.

Hiyo axe-core ni ya Deque, kampuni ya Marekani, na ilitolewa kama chanzo huria mwaka 2015. Unaweza kuitumia kupitia kiendelezi cha kivinjari kiitwacho axe DevTools, ambacho toleo lake la bure linatosha kwa mengi, au kuipachika kwenye majaribio yako ya kujiendesha, ya Playwright au Cypress, ili kila msimbo mpya upimwe kabla haujaunganishwa na tawi kuu. Msimamo wake ni kutolalamika bila uhakika. Isipokuwa na uhakika haisemi kuna kosa. Inaliweka jambo hilo kwenye kapu la kukaguliwa na mtu.

WAVE inatoka WebAIM, katika Chuo Kikuu cha Utah State, na ipo tangu 2001. Yenyewe inabandika aikoni juu ya ukurasa uleule unaoutazama: nyekundu kwa makosa, njano kwa mambo ya kutilia shaka, kijani kwa yaliyowekwa vizuri. Kiendelezi chake kinafanya kazi ndani ya kivinjari chako, kwa hiyo hata ukurasa ulio nyuma ya nenosiri, au ule ulio kwenye kompyuta yako bado, unapimika bila kutumwa kwenye seva ya mtu.

Wa nne ni mtu aliyekaa na kibodi, kisoma skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) na orodha ya vigezo. Huyu ni wa polepole kuliko wote na ndiye ghali kuliko wote.

Ukurasa mmoja, kasoro sita

Chukua ukurasa wa kawaida kabisa: fomu ya kujiunga na SACCO, imeandikwa kwa Kiswahili, imejengwa juu ya kiolezo kilichonunuliwa mtandaoni.

Maelezo yaliyo chini ya visanduku yameandikwa kwa kijivu #777777 juu ya nyeupe. WCAG inataka uwiano wa angalau 4.5:1 kwa maandishi ya ukubwa wa kawaida, na rangi hiyo inatoa 4.48:1. Jicho la mkaguzi mzoefu lingeipitisha. Zana zote tatu zinaikataa papo hapo. Badilisha iwe #767676, uwiano unapanda hadi 4.54:1, na zote zinanyamaza. Kwenye kazi hii mashine haina mpinzani.

Kisanduku cha namba ya simu hakina lebo. Neno "Simu" limeandikwa kwenye seli ya jirani ya jedwali, karibu kabisa, lakini ndani ya msimbo halijafungwa na kisanduku chake. Anayeona anaelewa. Kisoma skrini kinasema tu kwamba hapa pana kisanduku cha kuandika. Hili nalo zote tatu zinalikamata.

Kuna picha inayoonyesha jinsi kitambulisho kinavyotakiwa kupigwa picha, na maelezo yake mbadala ni alt="IMG_2034.jpg". Lighthouse na axe zinaangalia kama alt ipo, si kama ina maana; ipo, basi zinaipitisha. WAVE inaweka aikoni ya njano: maelezo haya yanatia shaka. Tofauti hii ndogo ndiyo inayowatenganisha. axe inaogopa kukusumbua bure, WAVE inaona heri ikusumbue. Mimi nikiwa najifunza ukurasa nisioujua napenda ya pili. Nikiwa nazuia msimbo mbovu usiingie kwenye tawi kuu, ya kwanza.

Juu ya ukurasa pana bango: maandishi meupe juu ya picha ya wanachama sokoni. Upande wa kushoto picha ni ya giza na maandishi yanasomeka, upande wa kulia pana anga jeupe na maneno mawili yanapotelea humo. axe inasema haikuweza kupima, mtu aangalie. Lighthouse hailihesabu kuwa kosa, kwa hiyo alama haiguswi. WAVE haina namna ya kupima picha yenyewe.

Kitufe cha "Tuma" si kitufe. Ni <div> iliyopakwa rangi na kufungwa kwa JavaScript isikilize mbofyo wa kipanya. Ukipita kwa Tab unatoka kisanduku cha mwisho moja kwa moja hadi kijachini. "Tuma" imerukwa kana kwamba haipo. Mtu anayetumia kibodi atajaza fomu yote kisha asiweze kuituma. Hapa vigezo viwili vya ngazi A vimevunjwa, 2.1.1 na 4.1.2, na hakuna hata moja kati ya zana tatu inayosema neno, maana kwa macho ya mashine <div> ni sanduku tu, na kwamba kuna mtu alikusudia liwe kitufe haiwezi kulijua.

Ya sita ni lugha, na hiyo inastahili sehemu yake.

Kabla ya kufika huko, angalia hesabu. Rekebisha ile rangi ya kijivu na lebo ya simu, Lighthouse inakupa 100 safi. Kasoro nne bado zimekaa pale pale, na mojawapo inamzuia mtu kabisa kujiunga. Si kisa cha kubuni tu: mwaka 2019 mjenzi mmoja wa kurasa alitengeneza makusudi ukurasa usiotumika na mtu yeyote, wenye alama 100 za Lighthouse, ili watu waone. Na alama hiyo ina tabia nyingine ya kujua. Kila kipimo ndani yake ni kupita au kuanguka, hakuna nusu. Ukurasa wenye neno moja lililofifia na ukurasa wenye maneno mia mbili yaliyofifia vinakatwa sawa. Kwa hiyo ukirekebisha 199 kati ya 200 alama haisogei, na bosi anauliza wiki nzima mmefanya nini.

lang="en"

Violezo vingi vinakuja na mstari wa kwanza ulioandikwa <html lang="en">. Mjenzi anabadilisha maneno yote kuwa Kiswahili, anabadilisha rangi na nembo, na mstari ule anauacha. Kivinjari kinafunguka vizuri. Hakuna kinachoonekana kuharibika.

Kigezo 3.1.1, cha ngazi A kabisa, kinataka lugha ya ukurasa itambulike na programu. Zana tatu zetu zinauliza maswali mawili: je, lang ipo? Je, thamani yake ni msimbo halali wa lugha? "en" ipo na ni halali. Zote zinapitisha. Kikaguzi cha HTML cha W3C, ambacho si zana ya ufikivu, hujaribu kukisia lugha ya maandishi na kutoa onyo ikiona hailingani na lang. Lakini ni kukisia, kunahitaji maandishi ya kutosha, na fomu yenye maneno thelathini inaweza kupenya bila kuguswa.

Sasa washa NVDA, kisoma skrini cha Windows, usikie. Sauti ya Kiingereza inaokota maneno ya Kiswahili na kuyasoma kwa kanuni zake: vokali zinapinda, mkazo ambao kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho unahamahama, "ng'" inakuwa kitu kingine kabisa. "Weka namba ya kitambulisho cha Taifa" inageuka mlolongo wa vishindo ambao msikilizaji anaufasiri kwa kubahatisha. Badilisha iwe lang="sw", na kama sauti iliyochaguliwa inajua Kiswahili, ukurasa unasomeka. NVDA ni ya bure na inakuja na eSpeak NG ambayo Kiswahili inakijua. Kwenye Windows za karibuni huenda ikaanza na sauti za Windows zenyewe, kwa hiyo bonyeza NVDA+Control+S uichague. Sauti yake ni ya bati, haina raha. Lakini maneno yanaeleweka.

Ukiwa na Kiingereza katikati ya ukurasa wa Kiswahili, tuseme aya nzima ya masharti, kigezo 3.1.2 kinataka aya hiyo iwe na lang="en" yake. Majina ya watu, istilahi, na maneno yaliyokwisha kuzoeleka katika lugha hayahitaji. Usianze kuzungushia tagi kila "intaneti" unayokutana nayo.

Kosa hili limenifanya niamini kwamba tovuti ya Kiswahili inahitaji sikio kuliko tovuti ya Kiingereza inavyolihitaji. Chaguomsingi za zana na violezo zilitungwa na watu ambao "en" kwao ndiyo jibu sahihi.

Mashine zinaona kiasi gani?

Mwaka 2017 idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza ilitengeneza ukurasa mmoja wenye vizuizi zaidi ya 140 vilivyopandwa kusudi, kisha wakaupitisha kwenye zana nyingi za aina hii. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilikamata takriban asilimia 40. Asilimia 29 ya vizuizi haikuonwa na zana hata moja.

Deque nao, mwaka 2021, walitoa hesabu yao: asilimia 57 ya makosa yote yaliyopatikana kwenye ukaguzi halisi yalikamatwa na mashine. Ukisikia watu wanatupiana 30, 40 na 57, jua hawapimi kitu kimoja. Ukihesabu aina za vizuizi, mashine inaonekana dhaifu. Ukihesabu idadi ya makosa, inaonekana imara, kwa sababu makosa yanayojirudia zaidi duniani ndiyo yaleyale mashine inayoyaweza. WebAIM hupima kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja kwa kutumia WAVE. Mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikuwa na angalau kosa moja linaloonekana kwa mashine, na asilimia 81 zilikuwa na maandishi yenye rangi hafifu. Kama hata hayo ya bure na ya dakika mbili hayarekebishwi, anayedharau zana anajinyima bure.

Kuna na upande wa pili ambao wajenzi wanapaswa kuujua ili wasidhulumiwe. axe-core, ukiiendesha ilivyo, inapima pia mambo ambayo ni desturi njema tu na si sharti la WCAG, kwa mfano kwamba maudhui yote yawe ndani ya maeneo yaliyotajwa ya ukurasa. Mteja anayezuia malipo kwa sababu ya mstari huo hana hoja. Wakati huohuo kanuni ya ukubwa wa vitufe, pikseli 24 kwa 24, iliyokuja na WCAG 2.2, haiwashwi mpaka uiombe. Kwa hiyo kama mkataba unasema 2.2 AA, taja tagi zake mwenyewe kwenye usanidi: wcag2a, wcag2aa, wcag21a, wcag21aa, wcag22aa. Vinginevyo unapima zaidi ya ulichoahidi na pungufu yake kwa mpigo mmoja.

Mtu mwenye kibodi

Nusu saa ya kibodi peke yake inafichua zaidi ya unavyodhani. Ficha kipanya. Pita ukurasa kwa Tab, rudi kwa Shift+Tab, bonyeza vitufe kwa Enter na Space, funga madirisha kwa Esc. Jiulize kila hatua: najua nilipo? Wabunifu wanapenda kuondoa ule mstari unaozunguka kitu kilichochaguliwa kwa sababu unaharibu mandhari, na kwa kufanya hivyo wanavunja 2.4.7. Kisha kuza ukurasa hadi asilimia 400 kwenye dirisha lenye upana wa pikseli 1280. Maudhui yajipange kwenye safu moja bila kukulazimisha kusogea kushoto na kulia. Hicho ni kigezo 1.4.10, na ukurasa unaofeli hapo mara nyingi ni uleule unaosumbua kwenye simu ndogo.

Baada ya hapo NVDA. Herufi H inakurusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine, F inakupeleka kwenye visanduku vya fomu. Jaza fomu vibaya kusudi, uitume, na usikilize. Ukurasa ukikaa kimya huku maandishi mekundu yakisema "Kuna hitilafu" mahali fulani juu, umepata kosa ambalo hakuna zana iliyolitaja.

Ubaya wa njia hii ni kwamba inategemea mtu. Wakaguzi wawili wanaweza kusoma kigezo kimoja kwa namna mbili. Kuamua kama alt "inatosha" si hesabu. W3C wamejaribu kupunguza hilo kwa kuandika kanuni za majaribio za ACT, ambazo umbo lake likawa pendekezo rasmi mwaka 2019, na utaratibu wa ukaguzi wa tovuti uitwao WCAG-EM. Huo wa pili ni mzuri kwa anayekabili tovuti yenye kurasa elfu: unachagua sampuli ya kurasa za kila aina, kisha unaongeza nyingine za kubahatisha kiasi cha asilimia 10 ya sampuli hiyo. Za kubahatisha zikileta makosa mapya, sampuli yako ilikuwa ndogo.

Mtu anaweza pia jambo ambalo kiwango chenyewe kinalidai na zana, zikiachwa hivihivi, zinalikosa: mchakato mzima. WCAG haikubali useme ukurasa wa tatu wa malipo unakidhi kama ukurasa wa nne umefeli. Hatua moja ikianguka, mfululizo wote haukidhi. Zana inapima ukurasa uliofunguka mbele yake, basi. Mpaka mtu aandike jaribio linaloipitisha hatua kwa hatua.

Watumiaji wenyewe wenye ulemavu

Hapa watu huchanganya. Kumwalika mtu asiyeona ajaribu tovuti ni jambo la maana sana na linaonyesha matatizo ambayo hata mkaguzi hakuyafikiria. Lakini si upimaji wa kukidhi kiwango. Asiyeona hatakuambia kwamba video yako haina manukuu, wala kwamba rangi ya kijivu imefifia. Mtu asiyesikia hatagundua kitufe kilichorukwa na Tab. Na mtu mmoja mwenye ujuzi mkubwa wa kisoma skrini atapenya mahali ambapo kumi wangekwama. Mlipe, msikilize, rekebisha anachokuambia, ila usimgeuze muhuri. Mtu hawi mkaguzi kwa sababu tu haoni.

Wijeti ya mstari mmoja

Utauziwa na njia ya tano: bandika mstari mmoja wa JavaScript, aikoni ya mtu inatokea pembeni mwa ukurasa, na muuzaji anasema tovuti imeshakidhi WCAG. Sitaiweka kwenye ulinganisho. Mapema 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kuhusu madai kwamba bidhaa yake ya akili bandia ingeweza kuifanya tovuti yoyote ikidhi WCAG. Ile <div> ya "Tuma" inarekebishwa kwa kuandika <button>. Ni dakika moja.

Uchague ipi?

Kama uko peke yako, unajenga tovuti za wateja wadogo: WAVE wakati unajenga, kibodi kabla ya kukabidhi, NVDA kwenye fomu na malipo. Gharama ni sifuri. Lighthouse unaweza kuiacha kabisa, maana inachokiona kwenye ufikivu axe wanakiona na zaidi.

Timu yenye majaribio ya kujiendesha haina sababu ya kutokuwa na axe-core humo ndani. Iwe inazuia msimbo usiunganishwe, si kutoa onyo tu. Maonyo husomwa wiki ya kwanza. Mtu wa kusikiliza kwa NVDA aje kila mnapobadilisha kitu kikubwa, na lile kapu la "kagua mwenyewe" lipewe mwenyewe kwa jina.

Bosi anayetaka namba moja kwenye slaidi mpe ya Lighthouse, kwa masharti kwamba namba hiyo isiingie kwenye mkataba wowote. Inafaa kuonyesha kama tovuti inaenda mbele au inarudi nyuma kati ya toleo na toleo, basi.

Kwa programu za Android, hizo tatu za kwanza hazikusaidii sana. Pakua Accessibility Scanner ya Google, ambayo itakuonyesha vitufe vidogo na rangi hafifu, kisha washa TalkBack, kisoma skrini cha Android, na utumie programu yako skrini ikiwa imefunikwa. Sauti za Google zinakijua Kiswahili. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa tovuti zetu wako kwenye simu, fanya TalkBack hata kwa tovuti.

Na kama wewe ndiye mnunuzi, unaandika zabuni? Usiombe alama. Hakuna cheti cha W3C cha kukuonyesha, kwa sababu W3C hawathibitishi madai ya mtu. Omba taarifa ya ukidhi iliyojazwa kwa kielelezo cha VPAT, toleo la WCAG, au la Ulaya kama mkataba unafuata EN 301 549. Humo kila kigezo kina jibu lake: kinatimizwa, kinatimizwa kwa sehemu, hakitimizwi, hakihusiki, na pembeni pana safu ya maelezo. Soma hiyo safu kwanza. Mzabuni aliyejibu "kinatimizwa" kuanzia juu hadi chini na kuacha maelezo matupu hajapima. Aliyeandika kwamba kalenda ya kuchagua tarehe haifikiki kwa kibodi na itarekebishwa kwenye toleo lijalo, huyo amekaa na ukurasa. Muulize tarehe ya toleo hilo na uiingize kwenye mkataba, pamoja na jina la toleo la WCAG, ngazi, orodha ya michakato itakayopimwa mwanzo hadi mwisho, na nani atalipia ukaguzi wa pili.